Maswali yenu: Alan Rickman, aliyeacha ofisi yake akiwa na miaka 26

Toleo lililopita niligusia mistari mitatu tu kuhusu Alan Rickman, yule mwigizaji wa Kiingereza mwenye sauti nzito ya kuvuta maneno, nikasema mwenye swali alete. Mmeleta mengi, asanteni. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na mengine nimeyajibu kwa kifupi kwa sababu hayana mambo mengi. Wengi wenu mmemwita "yule adui", na hilo nalo nitalijibu.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nina miaka 27, nimeajiriwa lakini moyo wangu wote uko kwenye kuigiza na nyumbani wananiambia muda umeshapita, nitafute mambo ya maana. Ni kweli Rickman alianza akiwa mtu mzima au ni stori za kumpamba? Mdogo wako.

JIBU: Ni kweli kabisa mdogo wangu, na ukiijua yote kuanzia mwanzo utaona hakuna aliyempamba. Alizaliwa tarehe 21 Februari 1946, Acton, magharibi ya London, familia ya kawaida ya wafanyakazi, wanaishi kwenye nyumba za kupanga za halmashauri, watoto wanne na yeye ndo wa pili. Baba alikuwa fundi rangi na kazi za kiwandani, akafariki kwa kansa ya mapafu Alan akiwa na miaka 8. Akabaki mama na watoto wanne. Hebu fikiria mwenyewe, nyumba ya namna hiyo mtoto akisema anataka kuwa mwigizaji utamwambia nini? Alikuwa na akili darasani, akapata ufadhili wa kusoma Latymer, shule nzuri pale Hammersmith, na huko ndiko alikoonja jukwaa, lakini alipomaliza hakwenda kuigiza, alikwenda kusomea sanaa na dizaini Chelsea halafu Royal College of Art, maana mwenyewe alieleza kwamba akiwa na miaka 18 kwenda chuo cha uigizaji hakukuona kama jambo la busara.

Akafanya kazi ya dizaini, na baadaye yeye na wenzake wakafungua ofisi yao wenyewe ya grafiki, wakaipa jina Graphiti. Kwa hiyo usidhani alikuwa mtu aliyekosa pa kushika, alikuwa na ofisi, ana wateja, ana marafiki wa kufanya nao kazi. Baada ya kama miaka mitatu hivi akaandika barua RADA, chuo cha kifalme cha uigizaji pale London, akaomba odisheni, akaenda na kipande cha Richard III cha Shakespeare, wakamchukua. Ilikuwa 1972, ana miaka 26, na darasani anakaa na wengine waliotoka shule juzi tu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana wengi wakisimulia wanairuka sehemu hii. Hela ya kujikimu aliipata kwa kuendelea kupokea kazi ndogondogo za dizaini, na pia kwa kuwa mvalishaji nyuma ya jukwaa, yaani yule anayemshikia mwigizaji koti na kumwandalia viatu kabla hajatoka. Aliwavalisha Nigel Hawthorne na Sir Ralph Richardson, watu wakubwa wa jukwaa la Uingereza. Mi huwa nawaza hapo, mtu ana karibu miaka 30 anasimama gizani ameshika nguo ya mwenzake na huku anasikiliza kila neno linavyotamkwa kule mbele. Alipomaliza mwaka 1974 alikuwa na medali ya Bancroft ya chuo.

Kuhusu wewe na wazazi sina cha kukuamulia. Ila ujue baada ya hapo ilimchukua zaidi ya miaka 10 hadi jina lake likae midomoni mwa watu, na ofisi alikuwa ameshaiacha.

SWALI: Shikamoo kaka. Sisi kwenye kundi letu tunabishana. Mwenzangu anasema Die Hard ndo muvi yake ya kwanza kabisa, mi nakataa, haiwezekani mtu aigize vile mara ya kwanza. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na wewe nawe hujakosea kabisa. Die Hard ya 1988 ndo filamu yake ya kwanza ya sinema, alikuwa ameshapita miaka 40. Lakini haikuwa mara yake ya kwanza kuigiza hata kidogo! Alikuwa ameshazunguka majumba ya tamthilia ya mikoani, kampuni ya tamthilia ya Royal Shakespeare aliingia akatoka akarudi tena, na kwenye televisheni 1982 BBC walimpa uchungaji, Obadiah Slope, kasisi mnafiki mwenye tamaa ya cheo kwenye The Barchester Chronicles, na watu wakaanza kuulizana huyu ni nani.

Kilichomfungulia mlango wa Hollywood ni jukwaa. Mwaka 1985 pale Stratford, mji wa Shakespeare, kulikuwa na ukumbi mdogo wa kampuni hiyo unaitwa The Other Place, na miaka ile ulikuwa banda la mabati, banda kweli, sio lugha ya picha. Humo ndo ilipoanzia Les Liaisons Dangereuses, tamthilia ya Christopher Hampton kuhusu matajiri wa Ufaransa wanaochezea mapenzi ya watu kama mtu anayecheza karata. Rickman akawa Valmont, mtongozaji mwenye roho mbaya ambaye kidogokidogo anagundua amependa kikweli na hajui afanye nini na hayo mapenzi. Lindsay Duncan na Juliet Stevenson walikuwa naye. Kutoka bandani ikahamia London, kutoka London ikafika Broadway, kwenye majumba makubwa ya tamthilia ya New York, 1987, akateuliwa kugombea Tony, ambayo ndo tuzo kubwa ya jukwaa Marekani. Watu wa Die Hard, produsa Joel Silver na wenzake, wakamwona.

Alipopewa skripti alikuwa Los Angeles siku mbili tu, na mwanzoni hakuitaka, alisema yeye sio mtu wa muvi za mabomu. Baadaye akaisoma vizuri akaona ina akili, na akapenda kwamba watu weusi waliomo ndani yake wote ni werevu na wana heshima yao, jambo ambalo kwa muvi ya namna ile wakati ule halikuwa la kawaida. Halafu akafanya kitu ambacho kwa mtu mgeni kinahitaji moyo, akamwachia produsa ujumbe kwamba kwa nini huyu Hans Gruber, adui anayemwigiza, asivae suti badala ya kuvaa kama gaidi, na kwa nini kusiwe na sehemu anajifanya mateka na kuongea Kiingereza cha Kimarekani. Jibu la kwanza lilikuwa utavaa unachoambiwa. Muda si mrefu skripti mpya ikaja, na suti imo na ile sehemu ya kujifanya mateka imo. Ukiitazama sasa, mtoe ile suti, utabaki na jambazi wa kawaida kama mia wengine.

Na ile sura yake anapoanguka kutoka ghorofani mwishoni, ule mshtuko ni wa kweli. Walikuwa wamekubaliana hesabu ya kumwachia, wakamwachia kabla haijafika. Chini kulikuwa na godoro la hewa.

SWALI: Kwa nini siku zote anaigiza adui? Hakuwahi kupata nafasi ya steringi?

JIBU: Hili ndo nililosema nitalijibu. Ukihesabu vizuri, maadui wake wakubwa ni wachache. Hans Gruber, halafu Sherifu wa Nottingham kwenye Robin Hood: Prince of Thieves ya 1991, iliyompa BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ya mwigizaji msaidizi, na wengine wa hapa na pale. Tatizo ni kwamba aliwaigiza vizuri mno hadi wakafunika wengine. Yule Sherifu alimkataa kwanza, alikubali baada ya kuachiwa amcheze anavyotaka, na maneno mengine ya kuchekesha aliyatafuta mwenyewe na marafiki zake.

Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa kwenye Truly, Madly, Deeply ya Anthony Minghella, filamu ndogo kabisa, mwanamke amefiwa na mpenzi wake mpiga selo, analia hadi makamasi, na yule marehemu anarudi nyumbani. Anarudi na baridi yake, anaongeza hita, anahamisha fanicha, analeta wenzake marehemu kuangalia video usiku kucha. Huyo mpenzi ni Rickman na huyo mwanamke ni Juliet Stevenson yuleyule wa kwenye banda la mabati. Mi filamu hiyo niliitazama mwaka niliofiwa na mtu wangu wa karibu, na nawaambia kweli sikuweza kuimaliza siku ile, niliimalizia baada ya wiki.

Halafu 1995 akawa Kanali Brandon kwenye Sense and Sensibility ya Ang Lee, skripti ya Emma Thompson. Mwanaume mtu mzima, mkimya, anampenda msichana asiyemtazama, na hafanyi fujo yoyote, anasimama tu mlangoni anasikiliza akipiga piano. Ukiona ile sehemu msichana ni mgonjwa na yeye anaomba apewe kazi yoyote ya kufanya la sivyo atachanganyikiwa, utaniambia kama huyo ni adui. Mwenyewe hakupenda neno adui, alikuwa anasema mwigizaji hawezi kumcheza mtu huku anamhukumu, na ndo maana hata Gruber ukimtazama anaonekana ana sababu zake na ana ratiba yake na polisi mmoja peku anamharibia siku.

SWALI: Ile sauti ni ya kuzaliwa au alijifunza? Najaribu kuiiga nashindwa, naishia kukohoa.

JIBU: Usijiumize koo mwanangu. Mwenyewe alieleza kwamba mwalimu wa sauti alimwambia kaakaa lake laini halifanyi kazi sawasawa, yaani kile walimu walichokiona ni kasoro ndo dunia ikaja kukipenda. Ila usisahau mafunzo. Jukwaani huna maiki ya kukubeba, pumzi yako ndo chombo chako, unajifunza sentensi unaianzia wapi, unaivutia wapi, neno gani unaliachia mwisho. Sikiliza jinsi anavyokaa kimya kabla ya neno moja. Ule ukimya anaupima, na huo unaweza kuuiga bila kukohoa.

SWALI: Ni kweli alijua siri ya Snape miaka yote ile na hakumwambia mtu?

JIBU: Kweli. Alipochukua nafasi ya Profesa Snape kwenye Harry Potter, vitabu vilivyokuwa vimetoka ni vitatu tu kati ya saba, hakuna msomaji aliyejua mwisho. Nafasi yenyewe ilikuwa imeelekezwa kwa Tim Roth kwanza, akaenda kufanya filamu nyingine. Rickman akaongea kwa simu na mwandishi, J.K. Rowling, naye akampa kidokezo kimoja, kitu kidogo tu kuhusu Snape ni mtu wa namna gani ndani, na kinahusu mapenzi aliyokuwa nayo kwa mama yake Harry. Basi. Akakibeba hicho filamu nane, kuanzia 2001 hadi 2011.

Nendeni mkazitazame upya zile za mwanzo mkijua hilo. Mtazameni macho yake anapomwangalia yule mtoto mwenye macho ya mama yake. Kuna chuki, ndio, lakini kuna kingine ambacho mara ya kwanza hatukukiona kwa sababu hatukujua tutafute nini. Madairekta walibadilika wanne katika filamu zile na wengine walimuuliza kwa nini anafanya jambo fulani hivi na sio vile, ye anaendelea kimyakimya. Wale watoto watatu walianza wadogo kabisa wakamaliza watu wazima, na Daniel Radcliffe, aliyemwigiza Harry, alisema baadaye kwamba Rickman alikuja kumwona karibu kila alipoigiza jukwaani, hata ikibidi akatishe likizo. Mtu ambaye kwenye filamu alikuwa anamtesa.

SWALI: Alishinda Oscar ngapi?

JIBU: Hakuna. Hakuteuliwa hata mara moja, na inaniuma hadi leo. Alipata Emmy na Golden Globe, tuzo za Marekani, kwa kumwigiza Rasputin, yule mtu wa dini wa Urusi, kwenye filamu ya televisheni ya 1996, na BAFTA niliyoitaja, na Tony aliteuliwa mara mbili, 1987 na 2002.

SWALI: Kaka, mke wake ni nani? Nasikia walioana wazee. Dada mkubwa.

JIBU: Dada, hii ni habari tamu. Rima Horton, mchumi, aliyekuwa mwalimu wa chuo na diwani wa chama cha Labour pale Kensington na Chelsea, London. Walikutana 1965, Alan ana miaka 19 na Rima 18, wakaanza kuishi pamoja 1977, na wakafunga ndoa 2012 New York, wao wawili tu bila wageni. Hesabu mwenyewe dada, ni miaka 47 tangu wakutane. Watu walikuja kujua 2015 alipolitaja kwenye mahojiano, akasema pete aliinunua dola 200 na mkewe haivai. Baada ya harusi walivuka daraja la Brooklyn kwa miguu wakaenda kula. Watoto hawakujaliwa.

SWALI: Umesema jukwaa, jukwaa, jukwaa. Sisi tutaliona wapi? Na je, huko hakuwahi kuharibu?

JIBU: Swali zuri na linanihuzunisha, kwa sababu tamthilia ya jukwaani ikiisha imeisha. Aliharibu, ndio. Mwaka 1998 yeye na Helen Mirren walifanya Antony and Cleopatra pale National Theatre London, tiketi ziliisha zote na wahakiki wakaichana vibaya, hasa yeye. Mtu mwingine angesema mi jukwaa basi, nina hela za filamu. Mwaka 2001 alirudi na Private Lives ya Noël Coward, na Lindsay Duncan tena, watalaka wawili wanaokutana hotelini kila mmoja yuko fungate na mtu mwingine, ikaenda London na Broadway na ndo iliyompa uteuzi wa pili wa Tony. Tazama tu jinsi anavyorudi kwa watu walewale, Lindsay, Juliet, Emma, miaka na miaka.

Aliongoza pia. Filamu ya The Winter Guest 1997, Scotland kwenye baridi, Emma Thompson akicheza na mama yake mzazi, Phyllida Law. Na 2005 kwenye ukumbi wa Royal Court, London, aliongoza My Name Is Rachel Corrie, aliyoihariri pamoja na mwanahabari Katharine Viner kutokana na shajara na barua pepe za Rachel Corrie, binti wa Kimarekani wa miaka 23 aliyekufa Gaza mwaka 2003 akijaribu kuzuia buldoza la jeshi la Israel lisibomoe nyumba. Mwigizaji mmoja tu jukwaani. Ilipangwa ipelekwe New York 2006, ukumbi uliokuwa uipokee ukaiahirisha, Rickman akasema wazi kwamba huko ni kuifungia mdomo. Mwaka huohuo ikapata ukumbi mwingine palepale New York ikaonyeshwa.

SWALI: Kuna muvi yake inahusu Nairobi, ni ipi? Na ni kweli ilitoka ameshafariki?

JIBU: Eye in the Sky, ya Gavin Hood wa Afrika Kusini. Inahusu shambulio la ndege isiyo na rubani kwenye nyumba ya magaidi Eastleigh, Nairobi, ingawa picha zenyewe zilipigwa Afrika Kusini. Nyumba wameipata, watu wamo ndani, bomu liko tayari, halafu binti mdogo anaweka meza pembeni ya ukuta anauza mikate. Filamu nzima iko hapo. Barkhad Abdi yuko mtaani anajaribu kuinunua ile mikate yote ili mtoto aondoke, na huku London Rickman, Jenerali Benson, kakaa na mawaziri wanaorushiana uamuzi.

Asubuhi ile jenerali anahangaika dukani kutafuta mdoli wa zawadi na anakosea aina. Mwisho wa siku, baada ya yote, waziri mmoja mama anamwambia amefanya jambo la aibu akiwa amekaa salama kwenye kiti. Anamjibu kwa sauti ya chini kwamba ameshafika mahali pa tukio, kati ya miili, mara tu baada ya milipuko mitano ya kujitoa mhanga, na asije akamwambia mwanajeshi kwamba hajui gharama ya vita. Hapandishi sauti hata kidogo. Halafu anatoka, anakabidhiwa ule mdoli, anaondoka nao.

Ilionyeshwa kwanza tamasha la Toronto Septemba 2015, kwenye majumba ya sinema ikafika 2016. Yeye alifariki London tarehe 14 Januari 2016 kwa kansa ya kongosho, miaka 69, siku nne tu baada ya David Bowie ambaye naye alikuwa na miaka 69 na kansa vilevile. Watu wachache sana walijua anaumwa.

SWALI: Nianze na ipi? Nina usiku mmoja tu wa mapumziko.

JIBU: Truly, Madly, Deeply, ila uwe na leso. Ukibakiwa na dakika mbili kabla ya kulala, tafuta ile video fupi ya kobe anayekula stroberi. Wanafunzi wa Oxford waliitengeneza mwishoni mwa 2015 ili kila anayeitazama aingize hela za matangazo kwa Save the Children na kwa wakimbizi, na wakamwomba Rickman asimulie. Alikuwa anaumwa tayari, akakubali. Kobe anatafuna taratibu, na sauti ni ileile.